Nishani Mbili za Barasa

Mwaitu,

Umetoka kwenda soko la Naif kuwanunulia shangazi zako mablanketi, ukaniachia onyo kali nisiguse sanduku lako kwa sababu umeshalipima na kilo zimetimia. Nimeligusa. Nimelifungua, nikatoa ile fremu ya nishani zangu uliyoizungushia sweta mbili, nikalifunga tena. Ukirudi utaikuta juu ya kitanda chako, na barua hii juu yake. Kabla hujapandisha sauti mpaka wenzetu wa upande wa pili wa ukuta wa mbao wasikie, kaa chini usome. Leo Ijumaa, siku ya ibada huku, nimetoka kanisani mapema, zamu sina mpaka kesho jioni, nina mchana mzima wa kuandika.

Mambo ya safari sikuandikii. Umekaa hapa Dubai miaka mitatu, umesimama kwenye mapokezi ya hoteli ukapokea watu wa kila namna, wenye adabu na wasio nayo. Huhitaji mzee wa kukukumbusha pasipoti. Mama yako atakulaki kule nyumbani, naye kwa maagizo hajambo, utayasikia mpaka uchoke.

Ninachotaka kukwambia ni hiki. Juzi nilikuwa nimejilaza upande wangu wa pazia, nawe ulikuwa mbele ya kioo ukijifunza kujibu maswali ya yale mahojiano ya Jumatatu. Nilikusikia. Ulisema, "Baba yangu alikuwa kasisi wa jeshi. Alikwenda vitani bila bunduki akarudi na nishani tatu. Nimekuja kwa sababu nataka kuwa kama yeye." Ukarudia mara nne. Mara ya nne sauti ilikutetemeka kidogo, ukajipongeza, "Hapo sasa!" Mimi nikajifanya nakoroma.

Basi shida yangu ndiyo hiyo. Jumatatu utaiweka fremu ile juu ya meza ya wakubwa wa jeshi na utasema maneno hayo, nao watakupokea, sina shaka, kwa sababu jina langu bado wanalijua. Utaanza kazi ukimfuata mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Nikinyamaza, utaondoka na uongo wangu kwenye mzigo wako. Nikisema, huenda nikakupoteza. Hilo la pili nimeliogopa miaka sita, na naliogopa hata sasa hivi ninapoandika. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii atakayeumbuka si mimi peke yangu.

Tuanze na fremu yenyewe. Nishani ya kushoto usiihangaikie. Hiyo alipewa kila aliyevuka mpaka, hata wapishi, hata yule bwana aliyeharisha wiki ya kwanza akarudishwa nyumbani. Zilizobaki mbili ndizo wanazozisifu watu. Ya katikati walinipa kwa kuinua ari ya askari. Ya kulia walinipa kwa ujasiri. Zote mbili zimetoka kwa mtu mmoja, na mtu huyo hukuwahi kumsikia nikimtaja hata siku moja. Aliitwa Barasa.

Kambi yetu ng'ambo ya mpaka ilikuwa mchanga mtupu uliozungushiwa magunia ya mchanga. Mimi nilikuwa na hema, birika kubwa jeusi na vikombe sita vya bati. Kila siku jua likianza kupoa nilichemsha chai, na yeyote aliyetaka alikuja. Mbele ya birika hapakuwa na cheo. Ukisikia kasisi wa jeshi ukadhani mimbari na mahubiri, futa hiyo picha. Kazi ilikuwa kumimina chai na kungoja. Mtu mwenye neno moyoni hasemi na kikombe cha kwanza. Anakunywa, anaongea habari za mpira, anajaza cha pili. Akijaza cha tatu na bado hajaondoka, hapo weka birika chini umsikilize.

Na kuna kitu ambacho kwenye chuo cha uchungaji hawakukufundisha, au angalau mimi sikufundishwa. Katika kambi yetu padre, ndivyo jeshini wanavyomwita kasisi hata mwenye mke, alikuwa na karatasi. Si fomu ya maana, kipande tu. Lakini nikiandika "fulani apumzike siku tatu" na kutia sahihi, Meja aliyekuwa mkuu wa kambi alimtoa mtu huyo kwenye orodha ya doria, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Daktari alikuwa na karatasi yake ya mwili, mimi yangu ya moyo. Askari walijua. Hawakuiomba waziwazi kwa sababu ni aibu, na aibu ya jeshini inamfuata mtu mpaka uzeeni. Walikuja tu kunywa chai.

Kwa miezi kumi na moja sikuandika hata karatasi moja. Unanisikia? Hata moja. Walikuja wengi, nikawaombea wote, nikawarudisha wote kwenye orodha. Meja akanishika bega siku moja akaniambia, "Padre, una dawa gani wewe? Kambi nyingine watu wanarudishwa nyumbani kila wiki. Kwako hakuna." Nikasema, "Ni Mungu tu, afande." Mdomo ndio uliosema Mungu. Moyoni nilivimba kama andazi kwenye mafuta.

Nikuambie kwa nini nilikuwa hivyo, maana nisipokwambia utadhani nilikuwa mtu katili tu. Wiki ya kwanza kule makombora yaliangukia karibu na kambi, nami nikajikojolea. Mtu mzima, mchungaji, baba yako. Nikafua suruali kwenye beseni ndani ya hema na kuianika chini ya kitanda ili asione mtu. Hakuna aliyeona. Lakini tangu siku ile, nikiona woga kwenye uso wa mtu mwingine nilikuwa nauchukia kama mtu anayechukia mdeni... hapana, acha, sitafuti mfano. Niliuchukia kwa sababu ulikuwa wangu. Nikauita upungufu wa imani, nikaanza kuufukuza kwa wengine kwa kuwa kwangu ulikataa kutoka.

Barasa alikuwa dereva wa lori la maji. Miaka ishirini na mitatu, mtoto wa magharibi mwa nchi, kicheko chake kinafika hemani kabla yake. Alinitania tangu siku ya kwanza kuhusu Ukambani kwetu na uchawi tunaosingiziwa. "Padre, hebu weka maombi kando kidogo, toa ile kamuti ya kwenu! Hawa watu watakimbia wenyewe, sisi turudi nyumbani tule kuku." Nami namjibu kamuti hatupewi sisi wa ukoo mdogo, angoje nimwandikie mjomba. Wote wanacheka. Nilimpenda yule kijana, Mwaitu. Ningekuwa na mtoto wa kiume ningetaka awe na mdomo kama ule.

Kisha gari lililokuwa mbele yake barabarani likakanyaga bomu lililotegwa ardhini. Rafiki zake wawili walikuwamo. Yeye alikuwa nyuma, akaona kila kitu kupitia kioo. Kicheko kikaisha siku hiyo. Baada ya kama wiki mbili akaja kwenye chai, akanywa cha kwanza, cha pili, akajaza cha tatu. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja, yeye akabaki.

"Padre, mikono yangu inakataa."

"Inakataa nini?"

"Usukani. Nikiwasha lori inakufa ganzi. Leo nimekata kona kwa viwiko, haki ya Mungu."

"Umemwona daktari?"

"Ameitazama. Ati ni mizima." Akaniwekea mikono mbele yangu kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. "Padre, niandikie siku mbili. Mbili tu. Mwenzangu ataendesha, nimeshaongea naye, amekubali."

Siku mbili. Mwenzake amekubali. Sikutakiwa hata kumsumbua Meja, kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati langu. Na unajua nilifikiria nini? Wiki ile wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutoka makao makuu, na Meja alikuwa ameninong'oneza kwamba jina langu limependekezwa. Padre ambaye askari wake hawakwepi zamu. Nilifikiria ile karatasi ya kwanza itaonekanaje. Mtoto wa mtu anatetemeka mbele yangu, nami nafikiria sifa zangu.

Nikamwambia, "Barasa, woga ukiupa siku mbili utadai mwaka."

Nilikuwa na misemo kama hiyo, unajua. Ilinitoka tu, tayari imeshapigwa pasi. Akatabasamu kwa adabu. Nikasimama, nikamwekea mikono kichwani, nikaomba. Niliomba vizuri sana siku ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Maneno yalikuja bila kutafutwa, machozi yalinilenga, nilihisi kweli kwamba Mungu yumo hemani. Nilipomaliza akasema, "Sawa, padre. Nimepona." Akaosha kikombe chake, akakirudisha mahali pake, akaenda.

Kesho yake asubuhi niliandamana na msafara, nikiwa gari la tatu. Kule dereva ana sheria moja ya kumweka hai: akanyage alama za matairi ya aliye mbele, asitoke hata shubiri moja kushoto wala kulia. Tulifika kwenye kona. Gari la mbele likakata. Lori la Barasa halikukata. Lilikwenda moja kwa moja, polepole, likatoka kwenye alama, likaingia kwenye mchanga mpya. Mimi nililiona likienda nikajua, kabla ya kishindo nilijua. Mikono ilikuwa imekataa.

Karatasi waliyonisomea siku ya nishani inasema padre, bila silaha, alikimbia chini ya mvua ya risasi akamwokoa askari kutoka kwenye lori linalowaka. Umeisoma mara nyingi mpaka umeikariri. Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kati yangu na lori alilala Sajini mmoja aliyerushwa nje ya lori na mlipuko. Mguu wake ulikuwa umeharibika vibaya, lakini alikuwa hai, macho yamefunguka, akaniita, "Padre!" Nilimruka. Sikumzunguka, nilimruka kama unavyoruka mtaro. Nikaenda mpaka kwenye lori, nikamvuta Barasa ambaye alikuwa ameshakufa, yeyote angeona kwamba ameshakufa, nikamburura mchangani risasi zikipita, huku nikimwambia, "Nitakuandikia, nitakuandikia, Barasa, nakuandikia sasa hivi." Hivyo ndivyo alivyookolewa askari. Sajini aliokolewa na wengine, akapoteza mguu. Wangemfikia mapema zaidi kama wasingekuwa wanahangaika kunilinda mimi na maiti yangu.

Waliokuwa nyuma walimwona padre asiye na bunduki akimburura kijana katikati ya moto. Siwalaumu. Kwa mbali ilipendeza.

Kwa hiyo nishani ya katikati nilipewa kwa kumpeleka Barasa, na ya kulia kwa kumrudisha. Nilivishwa zote siku moja, kwenye gwaride moja. Msomaji akasema kwa sauti kubwa kwamba katika kipindi chote cha padre huyu hakuna askari hata mmoja aliyekwepa zamu, na watu wakapiga makofi. Sajini alikuwapo, kwenye magongo, akayashikilia kwapani ili apate kupiga makofi na yeye. Macho yetu yalikutana. Hakuwahi kunisema kwa mtu yeyote. Sijui kama alinisamehe au aliona haina maana, na sikuwahi kwenda kumuuliza.

Kabla ya gwaride kulikuwa na mazishi. Kupeleka habari na kukaa na wafiwa ni kazi ya padre, kwa hiyo nilikwenda mimi, kwa gari la jeshi, mpaka nyumbani kwao. Mama yake Barasa alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, hakulia mbele yetu. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu alikuwa anaogopa?" Nikamjibu bila kusita, "Hapana, mama. Alikufa bila woga." Akaitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tunaondoka akanifungia kuku, jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge, kwa sababu kwao mgeni haondoki mikono mitupu, hata mgeni aliyeleta maiti. Kukataa ni matusi. Nilisafiri siku nzima na jogoo yule miguuni pangu, akinitazama kwa jicho moja, na kambini nikampa mpishi nikamwambia asinipakulie.

Wewe ulikuwa chuoni wakati huo. Ulinipigia simu ukanifokea kwa furaha, "Baba, umetoka kwenye gazeti!" Sikukwambia kitu. Ungekuwa wakati mzuri wa kusema, na miaka sita imepita.

Nilistaafu mapema, watu wakashangaa. Mama yako hakushangaa. Aligundua kwamba nimeacha kuomba kwa sauti wakati wa kula, nasema amina tu basi. Kijijini ikawa kila harambee wananiita niseme neno, kila mazishi ya kijana wanasema "shujaa wetu" apande jukwaani. Mara ya mwisho nilimwona mama mmoja akimsukuma mwanawe mbele, anamwambia, "Mwangalie huyo, uwe kama huyo." Wiki hiyo hiyo nilimtafuta wakala wa kazi za huku. Niliwaambia wewe na mama yako kuwa natafuta karo yako. Ilikuwa kweli, lakini kweli ndogo. Nilikuja kujificha.

Na Dubai kwa kujificha ni pazuri, usione vile. Pale mlangoni ninapolinda, Bur Dubai, hakuna anayeuliza ulikuwa nani. Yule madam wa ghorofa ya nane ananiita "Security", arbab, yaani bosi, wa duka la vitambaa ananiita "rafiki", na wote hawanijui. Nafungua mlango, nafunga mlango, naandika jina la anayeingia na saa. Nishani zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, nami nilianza kupata usingizi. Kisha ukaja wewe, ukafagia chini ya kitanda, ukalikuta lile kopo. Ukaenda kwa Mhindi wa fremu kwa pesa zako za mshahara wa kwanza, kitambaa chekundu nyuma, kioo mbele, ukaniletea siku yangu ya kuzaliwa. Nililia, nawe ukanikumbatia ukidhani ni furaha. Nilikuacha udhani hivyo.

Lakini hilo si kosa baya kuliko yote niliyokutendea hapa. Unakumbuka mwaka wako wa kwanza, ulipokuja kutoka kazini ukakaa kwenye kitanda changu hujavua hata viatu? Ukasema meneja wako anakutisha, anakuita ofisini peke yako, hujui ufanye nini. Nilifanya nini mimi? Nilikushika kichwa nikakuombea. Dakika nzima hivi. Kisha nikasema, "Utashinda, mwanangu, wewe ni wa ukoo wa mashujaa." Ukasema, "Asante, Baba." Ukavua viatu. Tangu siku ile hujawahi kuniambia jambo lolote linalokuumiza. Ulihama idara, nikasikia kwa watu. Sijui hata leo alikufanyia nini yule mtu, na sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Wewe ulikuja na kikombe chako cha tatu, nami nikafanya vilevile nilivyofanya kwenye hema. Sikuwa nimejifunza chochote. Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu mimi yamezaliwa, yamekua, yananiita babu, na bado sikuwa nimejifunza. Nisamehe kwa hilo, Mwaitu. Nikikuita Mwaitu, yaani mama kwa lugha ya kwetu, namwita mama yangu, maana ndiwe uliyerithi jina lake, na mama yangu nisingemwacha alie peke yake.

Sasa naona naanza kulainika na kutafuta aya. Khalas, yatosha.

Sisemi usiende. Nilifikiria kukwambia hivyo, nikatafuta hata sababu za afya, ati presha yangu, ati nani atanitunza. Huo ni ujinga. Una kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Nimekuona pale hotelini siku niliyokuletea mwavuli: mzee mmoja mgeni anakupigia kelele, nawe umenyamaza, unamtazama tu, mpaka akaishiwa kelele akakwambia mke wake amelazwa. Hukuwa umemuuliza. Alikwambia kwa sababu ulimwachia nafasi. Mimi ningekuwa nimeshamwombea na kumtoa mlangoni. Nenda. Ila usiende kwa ajili ya mtu wa kwenye fremu.

Ukitaka kuibeba, ibebe, sitakuzuia tena, nafasi yake sandukuni bado ipo. Lakini wakikuuliza nishani hizi zilipatikanaje, waambie kama nilivyokwambia. Huenda wasikuchukue. Huenda wakaniandikia, wakazitaka zirudi. Nitazirudisha kwa mikono yangu.

Kuna jambo moja limebaki, nalo ndilo zito kuliko yote.

Jana wakati wa mapumziko nilinunua kadi ya simu, nikashuka chini kwenye maegesho ya magari mahali pasipo na watu, nikampigia mama yake Barasa. Namba nilikuwa nayo siku zote kwenye daftari. Sikuwa na hakika kama yuko hai. Akapokea mwenyewe.

"Padri? Ni wewe kweli? Umepotea sana."

Nilimwambia kila kitu, papo hapo, nimesimama, kabla moyo haujabadilika. Karatasi, mikono, siku mbili, mwenzake aliyekubali. Nikamwambia kwamba siku ile aliponiuliza kama mwanawe alikuwa anaogopa nilimdanganya. Aliogopa, akaja kwangu, nikamrudisha. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilisikia kuku wakilia kule kwake, na mtu akichota maji.

"Padri," akasema, "unajua nani alimwambia aje kwako?"

Nikasema sijui.

"Ni mimi. Alinipigia siku ile akilia. Ati mama, nataka kutoroka, nije nyumbani. Nikamwambia usitoroke, mwanangu, watakufunga. Nenda kwa padri. Padri ni mzazi kama mimi, hawezi kukukataa."

Akasema hajawahi kumwambia mtu yeyote, hata mumewe mpaka akaingia kaburini, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa akingoja nimpigie nimwambie kama Barasa alifika kwangu au hakufika. Swali lake la mazishini lilikuwa hilo. Alitaka kujua kama mwanawe alimtii. Nami nikamjibu alikufa bila woga, kwa hiyo akabaki na hesabu kwamba, kama padri hakuuona woga wake, mtoto hakufika, kwamba aliona aibu njiani akarudi. Miaka sita amekuwa akijilaumu kuwa hakumsisitizia vya kutosha.

"Kumbe alifika," akasema. Mara mbili. "Kumbe alifika."

Hapo ndipo alipolia. Kilio kile sitakueleza. Kadi ikaanza kutoa mlio kwamba dakika zinaisha, akaniuliza haraka haraka kwa nini nimepiga leo baada ya muda wote huo. Nikamwambia nina binti, anakwenda kufanya kazi niliyofanya mimi. Akasema, "Basi mwambie asiwe mwepesi wa kuweka mikono kichwani. Amuulize mtoto wa mtu anataka nini. Na kama anacho, ampe." Kisha simu ikakatika.

Nilisimama pale kama mti uliopigwa na radi. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimemweleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, na neno samahani sikuwa nimelisema.

Nimenunua kadi nyingine leo nilipotoka kanisani. Nimeikwangua, namba nimeiandika kiganjani. Nimejaribu mara tatu, napiga nusu ya namba na kuacha. Naogopa, Mwaitu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba naogopa tangu nizaliwe.

Niko chini, kwenye kiti cha plastiki nje ya ile kafeteria ya yule Mhindi Mmalayali. Ukimaliza kusoma, kama bado unaniita baba, shuka. Usiniombee. Kaa kando yangu mpaka aipokee simu.

Baba yako